Daftari la Mpima Visima

Jumatatu saa sita mchana, nikiwa nasahihisha makala nyingine kabisa, simu ya ofisini iliita. Sauti ya mwanamke, binti wa mzee mmoja niliyemheshimu sana, ikaniambia kwamba baba yake amefariki alfajiri baada ya kuugua kifua kwa majuma machache, na kwamba atazikwa Zuzu alasiri ileile. "Mama amesema wewe usikose kuambiwa," alisema, na simu ikakatika. Nilibaki nimeshika mkono wa simu. Sikujua hata kama alikuwa mgonjwa. Karibu miaka miwili nilikuwa nakwepa kumtembelea, na sababu ya kumkwepa ndiyo inayonifanya niandike leo, msomaji wangu, kwa moyo mzito kuliko nilivyowahi kuandika katika safu hii.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mpima visima katika ofisi ya maji. Kazi yake ilikuwa kwenda kijiji hadi kijiji, kuteremsha ndani ya kila kisima kirefu kamba yenye timazi, na kuandika maji yako kina gani, yana ladha gani, na pampu ina hali gani. Kwa asili alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki hapa. Lakini Kigogo alikisema kama mzaliwa wa Haneti, na watu walikwisha kusikia salamu yake ya "Mbukwenyi!" kabla hajateremka garini. Kwapani alikuwa na daftari ambalo sijaona jingine mfano wake. Aliachiwa matano ya namna hiyo na mhandisi mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Halikushonwa kwa uzi wala kubandikwa kwa gundi. Ubavuni lilishikwa na visahani vidogo vya plastiki, na kila karatasi ilikuwa na matundu yaliyo wazi ukingoni, hivyo uliweza kuivuta ikatoka nzima bila kuchanika, ukaipachika mahali pengine kana kwamba siku zote ilikuwa pale. Karatasi za mgeni zilipokwisha, alichukua za kawaida akazikata matundu moja moja kwa wembe, Jumapili nzima, akiwa amekaa barazani kwake na miwani imemteremka puani.

Nilimwuliza mara ya kwanza tulipokutana kwa nini ajitese hivyo, na ofisi ina vitabu vyake. "Vitabu vya ofisi vinafuata tarehe, mwanangu," alinijibu. "Leo Buigiri, kesho Zuzu, keshokutwa Haneti. Ukitaka kujua habari za kisima kimoja, upekue vitabu kumi. Mimi kila kijiji nakiweka pamoja na historia yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huku kwetu hakuna mali kuliko maji."

Nilikuwa mwandishi mchanga wakati huo, na nilidhani ni maneno ya mzee anayependa vitu vyake. Kisha akanichukua safari moja, kijiji kimoja ng'ambo ya Haneti. Wanakijiji walikuwa wameambiwa kisima chao kimekauka, na pampu ilikuwa karibu kung'olewa ipelekwe kwingine. Akina mama walikuwa wamekaa kando ya ndoo tupu. Mmoja wao, mtu mzima, alimwambia bila kuinua macho, "Umechelewa, baba. Kisima kimekufa."

"Kimekufa? Nani aliyekishika mapigo?" aliuliza.

Aliteremsha kamba yake, akaipandisha, akaandika. Halafu akachomoa karatasi nne za kijiji kile, za miaka minne tofauti, akazipanga juu ya boneti la gari na kuziwekea vijiwe zisipeperuke. Alitazama kwa muda mrefu. "Maji yako palepale yalipokuwa," alisema mwishowe. "Hayajashuka hata urefu wa mtu. Kilichokufa ni bomba." Walilipandisha bomba kipande kwa kipande, na kweli, kipande cha chini kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kimetoboka. Siku ya tatu maji yalitoka. Yule mama alikinga viganja akanywa, kisha akamshika mzee mkono kwa mikono yake iliyolowa. Pampu ile haikung'olewa.

Kisha zikaja nyakati hizi za mageuzi, ambazo sote tumezishangilia, nami nikiwamo, kwa kuwa bila hizo gazeti hili lisingekuwapo. Maduka yakajaa, makampuni yakafunguliwa, na maofisini wakaanza kupunguza watu. Yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Siku ya kukabidhi alipeleka madaftari yake yote, matano, akamwambia mkuu wake kwamba humo mna kila kisima alichowahi kukipima. Mkuu, kijana msomi na mwenye adabu, alimwambia, "Mzee wangu, nenda nayo tu nyumbani. Siku hizi mambo haya yataingia kwenye kompyuta." Alikwenda nayo nyumbani, yamefungwa nyuma ya baiskeli. Kompyuta, nijuavyo mimi, hadi leo haijaja kumwuliza kitu.

Miezi michache baadaye kampuni moja ya kuchimba visima ilipata kazi ya kuchimbia maji kijiji kimoja magharibi ya Zuzu. Mzee aliposikia wanachimba upande gani, alikumbuka. Alikuwa na karatasi tatu za mahali pale: kisima kilichimbwa zamani, kikatoa maji ya chumvi hata ng'ombe wakayakataa, kikafukiwa. Upande wa pili wa korongo, aliandika, maji ni matamu. Akaenda kwenye lango la kampuni, mlinzi akamwambia wakubwa hawana nafasi. Akaenda mara ya pili. Mara ya tatu hakwenda huko, alikuja kwangu.

Alisimama mbele ya meza yangu, shati limelowa jasho, vumbi hadi kwenye nyusi. "Shikamoo, baba," nilimwambia, huku naendelea kuandika. "Marahaba, mwanangu. Andika neno moja tu gazetini. Wewe watakusikia." Akaziweka zile karatasi tatu mezani. Ilikuwa majira ya kampeni. Vyama vingi, mikutano kila kona, na mhariri ananisubiri. Nilimwambia aniachie, nitazisoma. Alinishukuru. Nikaziweka kwenye droo, na sikuzisoma kesho yake, wala juma lililofuata. Nilizikumbuka siku niliposikia kijiji kile kimezindua kisima kwa ngoma na hotuba, na kwamba watoto wa kwanza kunywa walitema. Wanawake wa pale wamerudi kuchota kwenye mchanga wa mto mkavu, mwendo wa nusu siku. Mzee hakuja kunilaumu. Angekuja, labda ningeweza kumtazama usoni.

Basi Jumatatu ile nilifika Zuzu watu wakirudi makaburini. Nilipita ndani, chumba cha wanawake wenzangu, nikampa mjane pole. Pembeni yake alikaa mama mmoja Mgogo, mgeni, amevua viatu, msalaba mdogo shingoni, amepakata mfuko wa nailoni. Alikuwa ametoka karibu na Buigiri. Nilipomwuliza alimfahamu vipi marehemu, alifungua mfuko akanionyesha karatasi sita, ukingoni zimekatwa matundu kwa wembe. "Alikuja mwaka jana na baiskeli," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Akasema, hizi ni habari za kisima chenu, kaeni nazo wenyewe. Akatufundisha na kupima. Akasema ofisi inaweza kuhama, nyie hamuhami."

Mjane akaingia chumba cha pili akarudi na madaftari. Yote matano. Yalikuwa majalada na visahani tu. Ndani hamkuwa na karatasi hata moja. Kijiji baada ya kijiji, na uzee wake ule, alikuwa amezichomoa akazipeleka kwa wenyewe. Ndipo nilipolia, si kwa adabu ya msibani. Nilimwambia mjane habari ya zile karatasi tatu na droo yangu, nikamwomba anisamehe kwa niaba ya mumewe. Alinitazama kwa mshangao. "Habari hiyo ndiyo kwanza naisikia leo," alisema. "Hapa nyumbani alikutaja kwa wema tu."

Ningependa angenitukana. Nimezunguka na maneno hayo juma zima, na sijapata pa kuyaweka. Siku hizi tunazungumza sana juu ya kupashana habari, na kila mwezi gazeti jipya linazaliwa. Mtu mmoja, asiye na ofisi wala mshahara, aliona kwamba maarifa yanayokaa kabatini ni sawa na maji yaliyo chini ya bomba lililotoboka, akayafikisha kwa nguvu za miguu yake. Mimi nilikuwa na mtambo wa kuchapa nikashindwa kurasa tatu. Ewe unayeketi nyuma ya meza yoyote katika nchi hii: akija mtu aliyetembea juani kukuletea karatasi, isome akiwa bado amesimama mbele yako.