Mgonjwa Asiyejibu Utani

Katika chumba chetu cha uchunguzi pale Tabora, mgonjwa alipimwa kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Kisha alinyoosha mikono mbele, vidole wazi, tukaangalia kama vinatetemeka. Alitoa ulimi. Alifumba macho akagusa ncha ya pua. Mwisho nilimgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na wengi walicheka mguu uliporuka wenyewe. Utaratibu huo aliuweka daktari, Mwingereza aliyesomea magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, ambaye aliletwa kwetu baada ya vita kuchunguza jinsi ugonjwa wa malale unavyoingia kichwani. Jambo moja tu katika utaratibu huo nililiweka mimi. Hilo ndilo nitakaloeleza.

Mimi sikupita chuo cha udaktari. Nilisoma kwa mapadre hadi madarasa yalipoishia, nikaajiriwa hospitalini kufunga vidonda, kisha nikahamishiwa maabara kwa kuwa niliweza kukaa mbele ya hadubini muda mrefu bila kuchoka. Daktari alipofika nilimwomba kitabu chake cha ubongo. Aliniazima. Nilikisoma nyumbani Ipuli kila jioni, kamusi pembeni, nikinakili picha kwa penseli hadi nikaweza kuchora uti wa mgongo uliokatwa bila kutazama kitabu. Mke wangu aliwaambia majirani kwamba mumewe amekuwa mtu wa kuchora mihogo.

Malale huletwa na mbung'o, na mbung'o wako tele katika mapori ya miyombo, huko huko warina asali wanakotundika mizinga. Mwanzoni vidudu vya ugonjwa hukaa katika damu, na mtu hupata homa kama homa nyingine. Baadaye huingia ubongoni. Hapo mgonjwa hulala mchana, hukesha usiku, husahau, hukasirika bila sababu, na asipotibiwa hufa. Dawa inayosafisha damu haifiki ubongoni. Kwa ubongo kuna sindano nyingine, kali, inayoweza kuharibu macho, kwa hiyo haitolewi kwa kubahatisha. Njia ya kujua ni moja: kuchoma sindano mgongoni na kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo, yakatazamwe. Na watu waliiogopa njia hiyo. Ilisemwa sokoni Mtendeni kwamba mwanamume akitolewa maji hayo hazai tena.

Mpishi wa wodi yetu alikuwa Mgogo. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, na wazee wanasema utani huo ulizaliwa katika njia ya misafara: wapagazi wetu walipofika Ugogo na mizigo kichwani, wenye visima waliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla hawajanywa. Ugomvi ule ulizeeka ukawa mzaha. Kila mchana mpishi aliingia na sufuria akatangaza:

"Haya wapagazi, tueni mizigo mle. Maji leo bure."

"Bure?" mtu angejibu kutoka kitandani. "Mgogo kagawa maji bure? Huyu kesha kufa, kawaiteni ndugu zake."

Wodi nzima ingecheka, hata wenye mishono.

Baada ya miezi kadhaa niligundua kwamba waliokuwa na malale ya kichwani hawakujibu. Nilimweleza daktari. Alinisikiliza hadi mwisho, akatia tumbaku katika kiko.

"Mwenye njaa hajibu," akasema. "Mwenye maumivu hajibu. Aliyefiwa hajibu. Utawatenganishaje?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini swali lilikuwa la haki. Tukakubaliana hivi: mpishi amtanie kila mgonjwa mpya baada ya kula na homa ikiwa imeshuka, mimi nitoe maoni yangu kwanza, daktari atazame maji ya mgongo peke yake, asiniambie alichoona hadi niwe nimesema. Tulifanya hivyo masika yote. Nilikosea mara kadhaa, na kila kosa lilinifundisha kutazama vizuri zaidi. Mwenye njaa au maumivu humwomba mtani wake radhi. Husema, "Leo sina nguvu, mtani, nitakulipa kesho." Mwenye malale hamwoni mtani. Anasikia matusi tu. Daktari aliposikia tofauti hiyo aliweka kiko mezani, akaniambia nirudie polepole ili aielewe.

Bado hatukuwa tumeitumia kumsaidia mtu. Siku ya kuitumia ilikuja kwa gari moshi.

Walioshuka walikuwa ndugu wawili kutoka vijiji vilivyo ndani ya pori, upande wa Tura. Mdogo alikuwa mrina asali. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kitambaa, si kwa nguvu, kama mtu anavyofungwa na anayempenda. Kaka yake alimwongoza kwa bega.

"Shikamoo, bwana," kaka alinisalimu, ingawa alikuwa mkubwa kwangu.

"Hapana, mzee. Shikamoo mimi."

"Marahaba. Huyu ni wazimu. Nimemleta kwa kuwa mwalimu wa kanisani amenisihi. Mkiona si ugonjwa wenu, kesho narudi naye. Kuna mganga anatungoja."

Tulitazama damu yake asubuhi na alasiri. Haikuwa na kitu. Daktari alieleza kwamba vidudu huweza kupotea katika damu vikabaki kichwani, na kwamba ingebidi kutoa maji ya mgongo. Kaka alitikisa kichwa.

"Ana mke, na mtoto mmoja tu. Mgongo wake hautoboki."

"Basi hatutautoboa," daktari alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Simchomi mtu kwa kulazimisha." Alipotoka nje niliona jinsi alivyosimama barazani, mikono mfukoni, akitazama chini. Alijua kama mimi: mtu yule akipanda gari moshi la kesho, hatutamwona tena.

Asubuhi iliyofuata uji uliletwa. Gari lilikuwa la mchana. Mpishi alingoja mrina asali amalize kikombe, kisha akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mnyamwezi, nyuki wamekufukuza hadi umekimbilia uji wa Mgogo?"

Yule mtu aliinuka. Alikitupa kikombe ukutani, akasimama akitetemeka, na machozi yakaanza kumtoka. "Kanitukana," akatuambia. "Mmesikia wote. Kanitukana mimi."

Kaka alimkalisha, akamgeukia mpishi kwa aibu. "Utusamehe, mtani. Unaona mwenyewe tulivyo."

"Sina kinyongo," mpishi alisema, na kwa mara ya kwanza sikusikia mzaha katika sauti yake. "Lakini huyu hajui mimi ni nani kwake."

Nikakaa kwenye benchi karibu na kaka. "Zamani alikuwaje na watani, mzee?"

Akacheka kidogo. "Huyu? Mdomo wa kijiji ulikuwa huyu. Pale stesheni ya Tura kuna Mgogo wa makamo, masikio yametobolewa matundu makubwa, desturi ya kwao. Huyu alimwambia gari moshi linaweza kupita humo bila kupunguza mwendo. Mgogo alicheka hadi akakaa kwenye reli."

"Akaacha lini?"

Hapo alimwangalia mdogo wake. Kisha akasema, macho yakiwa sakafuni. Baba yao alipofariki, Mgogo yule yule alikuja mazikoni, akaingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe chake, kama watani wanavyofanya. Kila mtu alijua la kufanya. Lakini mrina asali aliruka ndani, akamvuta kwa mguu, akampiga kwa mpini wa jembe mbele ya waombolezaji. Wazee walimtoza mbuzi wa kumlipa mtani. Tangu siku ile alizidi kuharibika, nao wakajua kwamba ni laana ya mtani aliyedhulumiwa kwenye kaburi. Ndiyo hiyo mganga alitakiwa kuisafisha.

"Kabla ya mazishi," nikauliza, "alitoka wapi?"

"Porini, kurina."

"Alirudi mzima?"

"Alirudi na homa. Na jipu la ajabu shingoni, likapona lenyewe."

"Kisha?"

"Kisha akawa analala lala. Tukamwita mvivu."

"Ndipo baba akafariki."

"Ndipo."

Nilimpangia mambo kwa mfuatano, kama daktari alivyonizoeza. "Laana ya mtani ingeanza baada ya kumpiga, mzee. Lakini homa ilitangulia, na usingizi ulitangulia. Alipoingia kaburini alikuwa tayari mgonjwa. Hakuugua kwa sababu alimpiga mtani. Alimpiga mtani kwa sababu alikuwa anaumwa."

Kaka aliinama akaokota kikombe kilichotupwa. Nje mtu alikuwa anachanja kuni.

"Tulimtoza mgonjwa mbuzi," akasema.

Kisha akanitazama. "Wewe ni Mnyamwezi mwenzangu. Angekuwa mdogo wako, ungemtoboa mgongo?"

"Ningemshika mwenyewe asitikisike."

"Hilo la kuzaa?"

"Wengi waliotolewa hapa wamezaa. Mmoja anauza karanga Mtendeni, nitakupeleka ukamwone na mtoto wake mgongoni kwa mkewe."

"Hakuna haja. Tumshike wote wawili."

Tulimshika. Daktari alichoma mara moja tu, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumwona. Maji yalidondoka taratibu katika kichupa. Aliyatazama kwanza yeye, akainuka, akaniachia kiti cha hadubini. Chembe zilikuwa nyingi mno, na katikati yake kitu chembamba kilikuwa kinajipindapinda. Kaka aliomba kuona. Nilimwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja.

"Kadogo hivi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kadogo hivi ndiko kalikompiga mtani wetu."

Gari la mchana lilipiga honi likaondoka bila wao.

Sindano zilianza wiki ile. Kabla ya kila moja daktari aliyapima macho ya mgonjwa kwa makini, naye aliamua mwenyewe kama tuendelee au tungoje. Kaka alikwenda Tura kuwaeleza wazee, akarudi na asali ya kumpa mpishi na ujumbe kutoka kwa Mgogo wa stesheni: mbuzi hatarudi kwa mkono wa mtu mwingine, mrina asali aje mwenyewe amtukane vizuri, ndipo amchukue.

Usingizi wa mchana ulipungua. Vidole vilitulia, ingawa si kabisa. Lakini kila mchana daktari hakuniuliza kama mgonjwa ametembea. Aliuliza, "Amejibu?" Nami nilijibu kwa ukweli. Mwanzoni mgonjwa alimgeuzia mpishi mgongo. Baadaye akasema, "Niache." Kisha, mchana mmoja wa mvua, "Mtani, niache." Nilikwenda maabara karibu mbio kumwambia daktari kuhusu neno lile moja la kwanza, naye akaelewa kabla sijamaliza. Ni kazi ya miezi mingi iliyonifanya niweze kulisikia, na sioni haya kusema kwamba najivunia.

Siku yenyewe, daktari alikuwa wodini. Mpishi aliweka ugali mbele ya mrina asali.

"Kula, mpagazi. Huu hutaubeba hadi pwani."

Mrina asali aliubonyeza ugali kwa kidole. Akafikiri. Tulikuwa tunamtazama sote, na kaka yake alikuwa ameacha kutafuna.

"Mtani," akasema polepole, "ungeupika huu zama za babu yako, msingehitaji kutoza hongo. Mngewarushia wapagazi, wangekimbia na kuacha mizigo."

Mpishi alifungua mdomo, akaufunga, akakaa chini karibu na sufuria. Kaka alifuta uso kwa kiganja. Nilimtafsiria daktari kwa sauti ya chini. Hakucheka. Aliuliza kwa uzito wake wa kila siku, "Na mpishi amejibu nini?"

"Amenyamaza, Bwana Daktari."

"Basi mpishi apimwe," akasema, kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

Aliyecheka kwanza alikuwa mrina asali.