Mshindani wa Vällingby

Juzi, huku ughaibuni, kwenye treni iendayo Hässelby nilikaa mkabala na mama Mkongo na bintiye, kompyuta mapajani. Walikuwa wakiandika mpango wa biashara, maana mama anataka kufungua mkahawa kwa jina la kampuni kubwa, na lazima kampuni imkubalie kwanza.

“Wanauliza washindani wako ni nani,” binti akatafsiri.

“Sina.”

“Na yule mama mwenye mkahawa pale Vällingby?”

Mama akashika kifua. “Aliyetupokea kwake tulipofika? Tunaimba naye kwaya! Nitamwandikaje kuwa adui?”

“Tukiacha wazi watatukatalia, Mama.”

“Basi andika: vitumbua vikiniishia, wateja nitawatuma kwake.”

Binti akacheka, akaandika.

Sijui kampuni itajibu nini. Mimi nilishuka Vällingby, nikaenda kunywa kahawa kwa mshindani.