Gemu Isiyokungoja

Watu wanaokuja kwangu hapa Lindi kuwekewa gemu kwenye kompyuta zao huanza kwa kuuliza picha. Zikoje, ramani kubwa kiasi gani, silaha ngapi. Mimi napenda gemu za safari, zile ambazo unajitengenezea mtu wako, unampa jina, unamtembeza nchi nzima akipewa kazi na watu anaokutana nao, naye anakua kadiri anavyotembea. Nimezicheza katika kila mji niliokaa, na nimekaa mingi. Nikiulizwa ipi nzuri, nauliza kwanza: ukichelewa, kunatokea nini? Wengi hudhani nazungumzia kasi ya mashine.

Swali hilo nililipata Mingoyo. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na njia panda, nafanya kazi kwenye steshenari, kuchapa barua na kutoa kopi. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, wateja wachache, mchana kutwa nacheza. Gemu yenyewe ilipendeza kwa macho. Katika kijiji cha mwanzo palikuwa na mama mgonjwa, na mumewe alinituma dawa ng'ambo ya mlima. "Fanya haraka," aliniambia, "kesho haifiki." Dawa niliipata mapema. Njiani nikaona pango, nikaingia. Nyuma ya pango palikuwa na mji. Dawa ikakaa mkobani.

Wiki hizohizo dada yangu alinipigia simu kutoka Njinjo. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki.

"Mdogo wangu, lile tumbo limezidi. Daktari kasema niende hospitali ya wilaya nikapasuliwe, na niende na mtu wa kukaa nami."

"Shemeji je?"

"Shemeji yako miguu yake unaijua. Mtu wangu ni wewe. Njoo kabla mvua haijakaza, barabara isije ikatukatikia."

"Jumatatu nitakuwa hapo, dada."

"Jumatatu ipi? Maana zako nazijua." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Jumatatu hiyo sikwenda. Nilijiambia kwamba tajiri wangu hawezi kuniruhusu, na wala sikuwa nimemwomba. Ukweli ni kwamba niliogopa wodi, niliogopa kumwona akiwa amelala, na pale mezani palikuwa na nchi nzima ambayo ndani yake hakuna aliyeumwa kweli. Jumatatu ya pili nayo nikaiacha ipite. Kisha mvua ikanyesha huko Kilwa kwa dada usiku na mchana, mto ukafurika, magari ya Njinjo yakawa yanaishia Nangurukuru. Dada alifia nyumbani kwake, Jumamosi.

Nilifika siku ya kuondoa matanga, nimevuka makorongo kwa miguu, suruali matope hadi magotini. "Pole sana," waliniambia. "Kazi ya Mungu." "Ndiyo njia yetu sote." Kila mmoja alisema yaleyale, na kila mmoja alinitazama begani, si usoni.

Kwetu watani wanayo ruhusa ya kumfanyia mzaha mfiwa, naye haruhusiwi kukasirika. Bibi mmoja wa ukoo wa watani wetu alininyang'anya begi, akalivaa mgongoni, akaanza kuzunguka uwanja hatua mojamoja, akisimama kwenye kila mti.

"Mpapai, hujambo? Mimi natoka Mingoyo, nampeleka dada yangu hospitali. Haraka? Haraka ya nini, mgonjwa mwenyewe si kalala tu, ataenda wapi?"

Wanawake waliokuwa wakiosha masufuria walicheka. Shemeji naye akacheka huku akifuta macho.

"Mtani, umekuja kuzika au kula? Kuzika tumeshamaliza. Ubwabwa umebaki."

Nilicheka, maana desturi ndivyo inavyotaka. Siku nzima ile hakuna mwingine aliyeniambia nilichofanya.

Niliporudi Mingoyo niliifungua ile gemu, nikampelekea mama mgonjwa dawa yake. Kwa siku za mle ndani, mwaka ulikuwa umepita. Alikuwa amelala ubavu uleule. Mumewe akasema, "Umewahi, mgeni," akanipa upanga. Nikaifuta kwenye mashine.

Miezi mingi baadaye, nikiwa nimeshahama miji mingine miwili, nilipata gemu nyingine, picha zake mbaya, watu wake kama wamechongwa kwa panga. Ndani yake ukichelewa unakuta mlango umefungwa, na majirani wanakujibu salamu nusu. Nimeimaliza mara tatu. Sijaweza kuwawahi wote hata mara moja. Hiyo ndiyo ninayowapa watu wakiniuliza iliyo nzuri. Wengine huirudisha.

"Kaka, gemu yako ina roho mbaya."

"Naijua," nawajibu, nawatafutia nyingine.

Mwaka jana nilikwenda Njinjo kusafisha kaburi. Yule bibi nilimkuta barazani kwake anapembua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umewahi nini, mtani?"

Nikakaa. Nikamuuliza jambo ambalo shemeji sikuweza kumuuliza: zile wiki mbili za mwisho, dada alikuwa anasemaje juu yangu. Bibi aliweka ungo chini.

"Alifunga furushi siku ileile mliyoongea. Kanga, sahani, kikombe chake na kikombe chako. Kila asubuhi anatoa kanga ya kuvaa, jioni anaifua, ikikauka anairudisha furushini. Tukamwambia fungua bwana, mtu mwenyewe haji. Akakataa. Alisema, namjua mdogo wangu, akifika akakuta sijafunga, atapata sababu ya kukaa."

Akauchukua ungo wake, akaendelea kupembua.