Siku Nilipomshtaki Mzee Mwanzia kwa Kelele za Kigogota

Nitawaambia, lakini mkicheka mcheke polepole, maana hadi leo nikipita Kaloleni nahisi watu wananinyooshea vidole.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa karani mjini, nimepanga chumba mtaa wa Kaloleni, na kwa wiki mbili nzima sikupata usingizi wa asubuhi, kila kukicha ko-ko-ko-ko, kimya kidogo, halafu ko-ko-ko-ko tena, hata Jumapili (siku yangu ya pekee ya kulala!), nikajigeuza, nikaziba masikio kwa mto, nikaamka nikazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jirani yangu Mzee Mwanzia, Mkamba mmoja mpole, alikuwa mchonga vinyago, basi nikaamua ni yeye, na bila hata kumuuliza nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa wapangaji.

Jumapili tukakutana uwanjani. Nikasimama, kifua mbele.

"Huyu mzee anachonga alfajiri! Aache, au ahame!"

Mzee Mwanzia aliinama tu, mikono magotini. Mkewe, Mama Ndunge, akaanza kulia.

Papo hapo: ko-ko-ko-ko!

Watu wakamtazama mzee, wakanitazama mimi. Mwenye akili angeketi. Mimi nikapaza sauti, "Ameacha mtu nyumbani! Twendeni!" nikawaongoza wote, akina mama na leso zao, mbio mbio mpaka mlangoni kwake. Kufuli. Na sauti inatoka juu.

Kwenye tawi kavu la jakaranda lililoinamia paa lake alikuwepo ndege mdogo, mgongo wa mabaka, kifua cha michirizi, utosi mwekundu, amejikita kwa mkia kama aliyekalia kigoda, anagonga bila wasiwasi.

"Ni kigogota," Mzee Mwanzia akasema taratibu. "Huyo ni dume, jike utosi wake ni mweusi. Anatafuta wadudu ndani ya mti mkavu. Mimi vifaa vyangu viko soko la Kariokor tangu mwezi jana, nachongea huko. Mama Ndunge anaumwa kichwa, hawezi kuvumilia kelele."

Mwenyekiti akanigeukia. "Karani, na huyu tumwambie ahame?"

Kicheko kilichopasuka hapo! Nikamwomba mzee msamaha mbele ya wote. Alinipa mkono. Mama Ndunge hakunisalimu tena mpaka nilipohama, na hilo ndilo linaloniuma. Nimeapa, jirani akinikera nitakwenda kwake kwanza, tuongee wawili tu.