Ndege ya Marehemu Ussi

Ussi Khatib alipata habari za kifo chake Jumanne asubuhi, akiwa jikoni kwake Sparkbrook, mtaa wa Birmingham, Uingereza, anakaanga vitumbua. Binti yake Thuwaiba ndiye aliyemletea simu. Kwenye picha palikuwa na ndege mpya nyeupe ya Shirika la Mbayuwayu, na chini ya dirisha la rubani limeandikwa jina lake. Maelezo yalisema ndege imepewa jina la mmoja wa waasisi, marehemu Ussi Khatib, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ussi akageuza vitumbua kwanza. Ndipo akasema, "Amin."

Alikuwa na miaka sabini na tisa, na kuasisi aliasisi kweli. Mwanzoni mwa miaka ya tisini yeye na rafiki yake Faisal, wafanyabiashara wawili wa Unguja, walinunua ndege kuukuu ya viti tisa. Siku hizi shirika linasimulia kuwa wazee hao waliota kuviunganisha visiwa. Ukweli ni kwamba waliota kamba na ngisi. Walitaka kuwatoa Pemba na kuwafikisha mahotelini kabla barafu haijayeyuka. Abiria wao wa kwanza alikuwa bwana harusi aliyeachwa na meli. Alibembeleza mpaka akaketishwa juu ya sanduku la ngisi. Wiki ya pili wakaja watu sita. Kufika mwezi wa tatu, ngisi ndio waliokosa nafasi.

Ussi ndiye aliyesimama kiwanjani na mizani ya karafuu, akiwapima watu mmoja mmoja, kwani rubani alikataa kuruka kwa kukisia. Wanene walimnunia. Siku moja mke wa mkubwa wa serikali akasusa kupimwa. Faisal alitaka apandishwe hivyo hivyo, Ussi akagoma, ndege ikakaa chini mchana kutwa. Tangu siku hiyo marafiki hawakuelewana. Faisal alisema shirika halitakua likiongozwa na mtu wa mizani. Ussi akamwachia hisa zake, akamfuata kaka yake Birmingham, na huko akaendesha teksi miaka ishirini na miwili, kazi yake kubwa ikiwa ni kuwapeleka watu uwanja wa ndege. Aliwahi kumwambia dereva mwenzake, Tarsem, kwamba yeye alianzisha shirika la ndege. Tarsem akamjibu kwamba hata babu yake yeye ndiye aliyechimba bahari.

Thuwaiba hakuona cha kuchekesha. Alipiga simu ofisi ya shirika, akapokewa na afisa mmoja mwenye sauti ya upole, jina lake Sikuzani. Akamweleza kuwa marehemu yuko hai, tena anakula vitumbua. Sikuzani alishukuru kwa taarifa, akaahidi kuulizia. Siku ya pili akarudi na jibu: utaratibu unaruhusu ndege kupewa jina la marehemu tu. Ikiwa Mzee yu hai, jina halina budi kufutwa na kuandikwa la mwingine.

"Mwingine nani?" Ussi akauliza, maana simu ilikuwa imefunguliwa sauti.

Alikuwa mheshimiwa mmoja aliyekata utepe wa ofisi yao kubwa, mwaka ambao Ussi keshahamia Birmingham.

Ussi akafikiri. "Basi mwanangu, usijisumbue," akamwambia Sikuzani. "Niacheni nilivyo."

Thuwaiba alinuna siku mbili. Alimwambia baba yake, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwamba mtu mwenye akili hakubali kufa kwa ajili ya rangi ya ndege. Ussi alijibu kwamba teksi ameiendesha miaka yote ile na hakuandikwa jina hata mlangoni.

Rambirambi zikaanza kuingia. Bwana mmoja wa mtaa wa Aston, aliyekuwa hasemi naye tangu ugomvi wa kamati ya msikiti, alimwombea dua kwenye kundi la WhatsApp, akamsifu kwa ukarimu na subira. Ilibidi Ussi ajizuie asimshukuru. Walipokutana dukani Ladypool Road, yule bwana aliacha kikapu chake pale pale, akatoka.

Ijumaa akapiga Faisal mwenyewe. Hawakuwa wamezungumza tangu Ussi alipoondoka Unguja.

"Mimi ndiye niliyewaambia umekufa," alisema. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Alieleza kuwa vijana wa ofisini walimwuliza waasisi ni nani, naye alijua aliye hai hapewi ndege. "Nilikutoa kwa maneno, Bwana Ussi. Nikaona hili ndilo ninaloweza kukurudishia. Nisamehe kwa yote mawili."

Ussi alikaa kwenye ngazi. Kwa miaka mingi alikuwa amemwandalia mtu huyu maneno, akiyarudiarudia ndani ya teksi tupu, na sasa hakulikumbuka hata moja. Akauliza tu kama bado wanapima abiria. Faisal akasema hawajaacha hata siku moja.

"Na wewe umepewa ndege?"

"Mimi si niko hai," Faisal akajibu, kama mwenye wivu kidogo.

Tangu hapo hupigiana simu kila Ijumaa baada ya sala, wakaongea kwa kirefu, hasa habari za magoti.