Mgeni Wetu Yuko Lupango

Nilihofia kila kitu isipokuwa lugha. Nilihofia pampu ya kisima, kwa sababu swichi yake huganda ikiloa. Nilihofia kitasa cha mlango wa nyuma, ambacho lazima uuvute mlango kwako kidogo ndipo ufunguo uzunguke. Nilihofia umeme, ambao kwetu Lubumbashi hukatika bila kuaga. Lakini mtu ambaye angelala kitandani mwangu katika mtaa wa Bel-Air alikuwa Mtanzania, na mimi na mke wangu tungelala kitandani mwake Morogoro. Kiswahili tunasema wote. Hilo nililihesabu kuwa limekwisha kabla halijaanza.

Tulifahamiana kwenye mtandao, katika kundi la watu wanaobadilishana nyumba wakati wa likizo: wewe unakaa kwangu, mimi nakaa kwako, hakuna anayemlipa mwenzake. Mke wangu ndiye aliyechoka kwanza. "Tangu tuoane, kila konje ni Likasi kwa yaya yako," aliniambia, yaani kila likizo kwa kaka yangu mkubwa. "Hata mubuzi ya kule inatujua." Nilianza kusoma jinsi watu wanavyofanya mambo hayo, kama ninavyosoma kila kitu, polepole na kwa kurudia.

Mimi ni fundi wa friji. Shule niliiacha mapema. Ufundi niliupata kwenye vitabu na kwenye mashine mbovu, na Kiswahili sanifu nilikipata redioni. Mwalimu yule wa Morogoro, mstaafu wa jiografia aliyefiwa na mke, alichagua nyumba yetu kwa sababu ya friji. Ana kisukari, anajichoma sindano, na dawa yake haitaki joto. Nilimweleza kwamba friji yetu nimeiunganisha na betri, kwamba umeme ukikatika inaendelea kupoza. Alinipigia simu mara tatu kuuliza jambo hilo hilo, na mara zote tatu nilimwambia: dawa yako itakuwa salama, nami ninaijibia. Sikuona wakati ule kwamba nilikuwa nimejibia kitu kikubwa kuliko friji.

Sharti la pili lilikuwa la dada yake. Alikuwa mkubwa wake, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nyumba yake imepakana na ya mdogo wake, geti ni moja. Ndiye aliyetupokea. Basi lilikuwa limetupitisha Zambia na Mbeya, tulikuwa tumevimba miguu.

"Shikamoo, dada," nilisema, kama nilivyojifunza.

"Marahaba. Heh! Huyu anasema kama taarifa ya habari."

Mke wangu naye akanyoosha mkono. "Jambo mama, habari ya siku mingi?"

"Siku nyingi zipi, mama? Ndiyo kwanza tunaonana."

Tulicheka wote. Kisha, akitumiminia chai, alisema mbele yetu bila kuficha, "Mdogo wangu ana nyumba, ana kitanda, anakwenda kulala Kongo kutafuta nini? Nyinyi sina ugomvi nanyi. Kunyweni chai." Alikuwa amemkubalia mdogo wake kwa sharti moja: kila siku, kabla ya chakula cha mchana, ampigie simu aseme sukari yake ikoje na anakula nini.

Mwalimu alipiga kila siku. Dada alikuwa akija kwetu na simu sikioni, ili mimi nami nisikie kwamba friji inafanya kazi. Nilimshukuru kwa hilo. Usingizi wangu wa Morogoro ulikuwa mwepesi. Nyumba ya mtu mwingine ina milio yake, na kila mlio ulinikumbusha mlio wa kwangu ambao sikuwepo kuusikia.

Siku moja simu haikuja.

Dada aliingia sebuleni na kusimama. "Hapatikani," alisema. Nilimwambia Lubumbashi iko nyuma kwa saa moja, huenda bado ni mapema. Alisubiri ile saa moja akiwa amekaa kwenye ncha ya kiti. Ilipita. Nikampigia jirani yetu wa Bel-Air, mama mmoja ambaye nilimwomba amwangalie mgeni. Simu iliita, haikupokelewa. Yeye ana shamba na nyumba ndogo kule Annexe, pembezoni mwa mji, analima mahindi na mboga, na mtandao wa huko ni wa kubahatisha.

"Kwa hiyo anayemwangalia mdogo wangu yuko shambani," dada alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na mdogo wangu yuko na nani?"

Nilikuwa nimekwisha kutembea kichwani mwangu chumba kwa chumba. Niliona swichi ya pampu ikiwa imeloa na mwalimu akinyoosha mkono. Niliona ufunguo umegoma na yeye amefungiwa ndani. Niliona friji ya moto. Nina tabia hiyo: mashine nikiiwazia, naiwazia ikiwa imeharibika, kwa sababu ndivyo huletwa kwangu.

"Asubuhi anajichoma," dada alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Akishajichoma lazima ale. Asipokula anatoka jasho, anatetemeka, halafu anaanguka. Mwaka juzi tulimwokota sokoni."

Mke wangu alimshika bega. Tulikaa hivyo, watatu, bila kuwasha hata televisheni. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia kwa dirisha la magharibi simu yangu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa jirani yetu. Dada alikuwa ameshainamia mkono wangu, nikaufungulia kwa sauti ya juu.

"Jambo papa. Musiogope. Ule mugeni wenu alipotea huku ku Annexe, alikuwa anazunguka-zunguka tu mu jua. Njo nikamuona, nikamukamata. Sasa iko mu lupango kwangu..."

Pumzi niliyoizuia tangu mchana ilinitoka yote. "Mungu ashukuriwe," nilisema. "Yuko lupango."

Mke wangu alipiga makofi. "Ah! Iko mu lupango! Basi iko muzuri."

Ujumbe ulikuwa bado unaendelea, lakini hatukuusikia, kwa sababu dada alikuwa amepiga kelele. Alisimama, akajishika kichwa, akatutazama mmoja mmoja.

"Mdogo wangu yuko lupango, na nyinyi mnapiga makofi?"

"Dada, tulia. Yuko salama. Amekamatwa."

"Amekamatwa!"

"Na jirani yetu. Yule mama."

"Kumbe jirani yenu ni askari?"

"Hapana, ni mkulima."

"Mkulima gani ana lupango lake?"

"Dada, kwetu kila mtu ana lupango lake," nilisema, nikidhani ninamtuliza. "Hata mimi ninalo. Mdogo wako analala ndani yake tangu siku aliyofika."

Alitoka nje, nikasikia mnyororo wa geti na kufuli likibana. Aliporudi alikuwa ameukunja ufunguo kwenye ncha ya khanga.

"Haya. Na nyinyi hili ndilo lupango lenu. Hatoki mtu hapa mpaka nimsikie mdogo wangu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na nilielewa kwa kuchelewa, kwa kupitia kufuli. Kwetu Katanga, lupango ni kiwanja cha nyumba, uwanja wenye ukuta au uzio wake, mahali unapoanika nguo na kuwasha mbabula, jiko la makaa. Mtoto akiwa lupango, mama yake anatulia. Na kukamata ni kushika tu: unakamata kiti, unakamata mkono wa mtu anayeyumba. Nilimuuliza dada kwa utaratibu, kwake yeye lupango ni nini.

"Unaniuliza mimi? Lupango ni mahabusu! Ni ndani! Ni kule mtu anakovuliwa mkanda na viatu!"

Mke wangu aliziba mdomo kwa viganja viwili. Vitabu vyangu vyote havikuwa na neno hilo, wala redio haikuwahi kulisema. Nilimweleza dada. Nilimchorea kwa kidole juu ya meza: huu ukuta, hii nyumba, hapa kisima, hapa mti wa parachichi. Alikitazama kidole changu kama mtu anayetazama mkono wa mwizi.

"Unanieleza hivyo nisishtuke," alisema.

"Tusikilize mpaka mwisho," mke wangu alisema. "Ule mama alikuwa anaendelea kusema. Siye njo tulipiga kelele."

Nilirudisha ujumbe nyuma. Sauti ya jirani ilipita kwenye lile neno, dada akafumba macho, kisha ikaendelea:

"...Telefone yake imekufa. Na sitamuachilia aende bila kukula. Alikuwa anatetemeka, jasho mingi, hata kusema alikuwa anashindwa. Nikamupatia chai na sukari, vikombe mbili. Sasa anaanza kusema-sema. Niko namupikia bukari na sombe. Magaribi tutarudi naye ku nyumba."

"Rudisha hapo pa chai," dada alisema.

Nilirudisha. Akasikiliza. "Tena." Nikarudisha tena. Bukari hakuijua, nikamwambia ni ugali. Sombe nikamwambia ni kisamvu. Lakini sukari ni sukari, Bel-Air na Morogoro. Alikaa chini. Nilidhani atafungua geti. Hakufungua.

Na mimi sikumlaumu, kwa sababu hofu yangu ilikuwa imekuwa kubwa zaidi, si ndogo. Mwanzo nilihofia mambo ambayo huenda hayakutokea. Sasa nilijua lililotokea. Mwalimu hakuwa mahabusu, lakini alikuwa ametembea juani akiwa na dawa mwilini na tumbo tupu, katika mitaa ambayo mimi mwenyewe hupotea, na kama jirani angekuwa ameinama kwenye matuta yake wakati ule, asingemwona. Friji ilifanya kazi yake vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa mbali, kwenye kiti cha mwalimu, nikinywa chai yake.

Tulimpigia jirani, hakupatikana. Mke wangu alipika wali, hakuna aliyeula. Dada alikuwa akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na kila alipogeuka, ufunguo uligonga meza kupitia kwenye khanga.

Simu ikaja jua lilipokwisha kuzama. Ilikuwa namba ya mwalimu. Dada aliichukua simu mkononi mwangu kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko nyumbani, simu nimeichomeka chaji. Tumeingia lupango sasa hivi."

"Usinitamkie hilo neno!"

Tulisikia mwalimu akicheka, kisha akiacha kucheka. Alieleza kwamba alitaka kuliona shamba la yule mama kwa macho yake, kwamba alidhani atafika kwa kufuata jua na ile barabara kubwa. Kila aliyemuuliza njia alimjibu kwa upole, na kila jibu alilielewa nusu.

"Umesomesha ramani miaka yote, umepotea," dada alisema. "Mfukoni ulikuwa na nini?"

"Kitambaa."

"Pipi?"

"Zilibaki mezani, dada."

"Zilibaki mezani. Nani alizila, meza?"

Alimgombeza mpaka sauti ikamkauka, kisha akamwambia alale mapema, na asitoke tena bila yule mama. Mwalimu akasema ndiyo, na kwamba keshokutwa mama huyo huyo atamchukua kwenda kuvuna mahindi mabichi. Dada aliitazama simu, akanipa, akaenda kufungua geti.

Aliporudi alikaa mbele yangu. Nilidhani ataomba radhi, au nitaomba mimi. Badala yake aliuliza, "Maneno mengine yapo mangapi ya namna hiyo?"

"Sijui, dada. Nilidhani hakuna."

"Akisema simu imekufa?"

"Ni simu tu. Imeisha chaji."

"Akisema mtu amekufa?"

"Amekufa."

"Na wewe utajuaje kwamba kwangu lina maana nyingine, kama hujui?"

Swali hilo lilikuwa sahihi, na sikuwa na kitabu cha kulijibia. Tulikuwa na zaidi ya wiki moja mbele yetu. Dada alifikiri, kisha akaamua. "Basi usinichezee tena sauti. Sikiliza wewe peke yako. Mimi nitaangalia uso wako. Ukitulia, nitatulia."

Mke wangu aliangua kicheko. "Uso ya huyu? Mama, utakufa na pressure! Hata siku ya ndoa yetu alikuwa hivi hivi. Baba yangu aliuliza kama iko mugonjwa."

"Ndio huo huo tulio nao," dada alisema.

Kwa hiyo siku zilizobaki niliishi hivyo. Mwalimu alivuna mahindi yake, alipiga simu zake za mchana, sukari yake ilikaa sawa. Lakini jirani yetu alikuwa ameshazoea kutuma sauti, na alituma. Mlio ulipokuja tulikuwa tunakula, watatu, maharage na wali. Dada aliacha kijiko. Niliweka simu sikioni nikamwelekezea uso, kama tulivyokubaliana, nikijitahidi kulegeza paji la uso.

Ulikuwa ujumbe mfupi. Umeme umerudi, na mgeni ananisalimia. Niliusikiliza mpaka mwisho, nikatabasamu kwa kadiri nilivyoweza.

Dada alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu.