Kasoro ya Tisa

Kaka yangu alipiga mtu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, na mtu huyo nilikuwa mimi. Kosa langu silikumbuki. Nakumbuka ladha ya damu, na jinsi alivyokimbia kuniletea maji huku akilia kuliko mimi. Baba alipotoka gereji akauona mdomo wangu ulivyovimba, alimfunga kaka kwenye nguzo kwa mnyororo wa pikipiki, akamchapa kwa mkanda wa injini mpaka jirani akaja kumshika mkono. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa nyumbani kwetu kwamba kupiga ni vibaya.

Sasa kaka ana miaka hamsini na miwili. Ni fundi wa kuchonga vyuma, na watu humwita Nyundo. Mikononi ana makovu ya aina mbili: ya kazi, yaliyonyooka, na ya meno ya watu, yaliyopinda. Amewahi kumvunja taya dereva aliyemkanyagia ndoo ya rangi. Amewahi kumrusha mteja dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Kila mara hufuata majuto: anamtembelea majeruhi, anakaa kitandani kwake kama ndugu, anamenya machungwa.

Baba alituachia pikipiki moja ya silinda moja, kongwe kuliko sisi sote. Pikipiki za aina ile zina kijiti kidogo upande wa kushoto wa usukani. Kabla ya kupiga kiki, unakivuta kuelekea kwako ili cheche ichelewe. Ukisahau, cheche inawahi, injini inazunguka kinyume, na pedeli uliyokuwa ukiikanyaga inarudi juu kwa nguvu zote za injini. Baba alikatwa kidole gumba cha kushoto na mnyororo, akawa hawezi tena kuvuta vizuri. Akakifungua kijiti, akakigeuza, ili yeye akisukume mbele kwa kiganja. Kwa hiyo pikipiki yetu ni kinyume cha nyingine zote.

Kaka alilijua hilo kwa mfupa wake mwenyewe. Akiwa na miaka kumi na mitatu alivuta badala ya kusukuma, na pedeli ikamvunja muundi. Nilisikia mlio wake nikiwa jikoni, kama mtu amevunja kuni. Baba alimpiga makofi mawili kwanza, “Nilikwambia mara ngapi?”, ndipo akambeba kumpeleka hospitali. Mpaka leo kaka anachechemea kidogo mvua ikikaribia.

Kuna klabu ya wenye pikipiki kongwe ambayo hukutana mara moja kwa mwaka, siku mbili, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mwenyekiti ni hakimu mstaafu. Mimi sina pikipiki. Huwekwa mezani penye kivuli kuandika namba za injini, kwa kuwa nimesoma chuo na mwandiko wangu unasomeka. Siku ya pili wana desturi wanayoipenda kuliko zote. Wanaandika majina kwenye karatasi, wanayatia ndani ya helmeti, na kila mmoja anaokota pikipiki ya mwenzake ili aiendeshe raundi moja ya uwanja. Kabla ya kumkabidhi mgeni, mwenye mali anataja hadharani kasoro zote za pikipiki yake, hata zile za aibu. Wanaita kuungama. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu, na katika miaka yote niliyokaa pale sijasikia hata mmoja aliyeficha kitu.

Mwaka juzi daktari wa meno, mwenye pikipiki ya aina ileile kama yetu, alishika kipaza sauti akasema ya Nyundo imeungwaungwa kama sufuria la jela. Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Alimwendea polepole, kama mtu anayekwenda kuomba kiberiti, akamng'oa meno mawili ya mbele kwa ngumi moja, kisha akamshika masikio na kukigonga kichwa chake kwenye benchi la saruji. Mara ya tatu mke wa kaka aliingia katikati. Kiwiko cha kaka kilimpata wifi yangu begani, na mtulinga ukakatika. Alikaa chini kwenye nyasi bila kulia, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto.

Wanachama walifanya utani kwamba daktari wa meno sasa amekuwa mteja wake mwenyewe. Wazee wakakaa kikao, kaka akaomba radhi, daktari akakubali. Wifi hakufanya utani. Alirudi kutoka hospitali na mkono shingoni, akamwambia kaka mbele yangu, huku mabinti zao mapacha wakisikiliza mlangoni:

“Baba Pacha, sikutishi, nakuarifu. Siku utakayomuumiza mtu tena, awe mimi, awe mlevi wa barabarani, naondoka na watoto wangu. Hutaniona nikifunga mizigo.”

“Naapa, mama.”

“Usiape. Wewe acha tu.”

Akaacha. Mwaka mzima. Nilimwona akimeza matusi ya wateja mpaka mishipa ya shingo ikamsimama kama kamba. Siku moja alitoka karakana, akakipiga ngumi kibao cha mlango mpaka kikapasuka, akarudi ndani akamalizia kazi ya mteja kwa adabu. Nilimwamini. Wifi naye alianza kumwamini. Alianza tena kumkata nywele mwenyewe, na wembe ukipita nyuma ya shingo yake niliona wote wawili wametulia.

Mkutano ukaja, na kwa mara ya kwanza kaka alikubali jina lake litiwe kwenye helmeti. Asubuhi ya siku ya pili helmeti ilipitishwa, na daktari wa meno akaokota karatasi, akaifungua, akacheka kwa meno yake mapya.

“Jamani, nimepata Nyundo!”

“Andika wosia, Daktari!” mwanachama mmoja, muuza nyama, akapaza sauti.

“Mwenyekiti, niwekeeni kaburi lenye kivuli.”

Uwanja mzima ukacheka, na kaka akacheka pia. Wifi alikuwa mbali, upande wa bomba, akiwasafishia mapacha viatu vilivyojaa tope. Mimi nilikuwa mezani pangu, hatua kumi tu kutoka hapo.

“Haya, ungama,” daktari alisema. “Nimjue huyu mzee wako wa chuma vizuri kabla hajaniua.”

Kaka akaungama. Sijawahi kumsikia akiongea kwa upole vile. Breki ya nyuma imelegea, uishike mapema. Gia ya pili inaruka, usiiamini. Tangi linavuja ukilala kona. Taa ni pambo. Alikuwa akikigusa kila kitu anachokitaja, akikifuta kwa kitambaa, na daktari akiitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nikihesabu bila kujua kwamba nahesabu. Alipofika kasoro ya nane nilijua inayofuata, maana ya tisa ndiyo kubwa. Nilidhani ameiweka mwisho kusudi, kama mtu anavyoweka tamu mwisho.

“Ni hayo tu?” daktari akauliza.

Kaka alikitazama kile kijiti. Nilimwona akikitazama.

“Ni hayo tu.”

Nilikuwa na muda wa kusema. Nimeupima tangu siku ile: daktari alivua koti, akalikunja, akampa muuza nyama, akavaa helmeti, akahangaika na mkanda wa kidevuni, akapanda. Huo ni muda wa kutosha kutamka sentensi tatu. Lakini nilikuwa nikimngoja kaka. Nilitaka aseme mwenyewe.

Daktari alifanya kile ambacho mkono wake ulikuwa umekifanya miaka ishirini kwenye pikipiki yake. Alikivuta kijiti kuelekea kwake, akainuka, akaikanyaga pedeli kwa uzito wake wote.

Ule mlio naujua. Pedeli ilirudi ikamkata muundi katikati, ikamrusha mbele kifua kikagonga usukani, na pikipiki ikamwangukia juu. Injini ilikuwa imewaka. Ilinguruma juu yake, gurudumu likizunguka na kumrarua suruali na nyama ya paja, hadi muuza nyama alipoung'oa waya wa cheche kwa mkono. Ndipo tukamsikia daktari mwenyewe. Mfupa ulikuwa umetoka nje ya soksi, mweupe, safi, na yeye akiutazama na kuuliza, “Ni wangu? Ni wangu huo?”

Kaka ndiye aliyeinua pikipiki peke yake. Ndiye aliyevua shati akafunga paja, ndiye aliyembeba daktari mikononi mpaka kwenye gari. Mwenyekiti alimpigapiga begani. “Umeonyesha uungwana, Nyundo. Mwingine angekuwa na kinyongo.”

Wifi alifika mbio akiwa bado na kiatu kimoja cha mtoto mkononi. Miaka ishirini amepanda nyuma ya pikipiki ile, na kaka akiumwa yeye ndiye huiwasha. Alikitazama kijiti kilivyovutwa. Akamtazama mumewe, kifua wazi, damu ya mtu imemfika viwikoni.

“Ulimwambia?”

“Mama Pacha, sijamgusa. Waulize wote.”

“Sikuuliza hilo.”

“Sijamgusa hata kwa kidole.”

Wifi akamgeuzia mgongo. Aliwaita mabinti, akawapakia kwenye lile gari, mmoja mbele na mmoja nyuma. Akaingia, akakaa sakafuni, akakiweka kichwa cha daktari mapajani mwake. Gari likaondoka. Kaka akabaki akipungia mkono, akidhani wataonana hospitalini.

Daktari alikatwa mguu chini ya goti. Akilini mwake ilikuwa bahati mbaya. Alituma salamu, akamwomba mwenyekiti asimlaumu mtu. Klabu haikumlaumu mtu. Wifi yuko mji mwingine na watoto, na simu ya kaka hapokei.

Jumapili kaka huja kwangu. Hukaa kwenye kiti kilekile, mikono yake imelala juu ya meza, na huanza upya.

“Mdogo wangu, wewe mtu wa vitabu, mweleze wifi yako. Nilitimiza nilichoahidi. Mwaka na zaidi sijamwinulia mtu mkono. Amuulize yeyote aliyekuwepo.”

Nilikuwepo. Jumapili iliyopita nilimwambia hivyo, kwa sauti ya chini, nikiwa nimesimama: kwamba nilihesabu nane. Vidole vyake vilijikunja taratibu juu ya kitambaa cha meza mpaka vikombe vikasogea vyenyewe. Nilikivuta kiti changu, nikakaa mahali ambapo mkono wake haufiki, nikangoja kuona atafanya nini.